Tafuta Bao Kwanza: Asembli Tunavyojifunza Magomeni

Ukitaka kujifunza asembli, lugha ya kuiamrisha chipu ya kompyuta, kabla hujanunua chochote, tafuta bao. Sisemi kwa mafumbo. Nasema bao lenyewe la mbao, mashimo 32, kete 64, lile wazee wanalokaa nalo barazani kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi. Bodi yenye chipu utainunua baadaye, na watu watatu wa kukaa nao kwenye hilo bao watakusaidia kuliko bodi.

Mimi ni fundi friji, hapa Magomeni. Zamani friji likiletwa ulijua pa kuanzia: kompresa, gesi, themostati, relei. Siku hizi linakuja na bodi, na katikati ya bodi imekaa chipu nyeusi kama mkubwa wa ofisi. Haisemi na mtu, na bila saini yake hakuna kinachowaka. Nilichoka kubadilisha bodi nzima kwa sababu ya kitu nisichokielewa, nikaanza kutafuta chipu kama ile inafikiri vipi.

Asembli ndiyo lugha iliyo karibu kabisa na chipu ambayo binadamu bado anaweza kuisoma. Mstari mmoja ni amri moja, na amri hiyo inageuzwa kuwa namba ambayo chipu inaielewa. Kwenye lugha nyingine unaagiza chakula, kwenye hii unachambua mchele mwenyewe.

Usianze na prosesa ya laptopu yako. Ina amri nyingi mno na chini yake kuna mfumo mzima unaokuzuia kugusa chuma. Anza na maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo nzima ndani ya chipu moja, ya ATmega328P, ile iliyoko kwenye bodi ya Arduino Uno. Inakwenda megahezi 16, ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu, kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na rejista 32. Rejista ni vishimo vya ndani kabisa ya prosesa, kila kimoja kinabeba namba kuanzia 0 hadi 255, na karibu kila hesabu lazima ipitie humo. Sasa umeanza kuona kwa nini nimetaja bao.

Ununuzi ni jambo fupi. Kariakoo utapata bodi za kuiga, mimi nilitoa shilingi 28,000, na zinafanya kazi vizuri. Nyingi zinatumia chipu ya CH340 kwa upande wa USB. Linux inaitambua yenyewe, Windows huenda ikataka uiwekee dreva. Uliza kebo wakati huohuo, maana kebo nyingi za mitaani ni za kuchajia tu, hazipitishi data. Rafiki yetu muuza makava ya simu aliuziwa Nano, ndugu mdogo wa Uno, akaambiwa ni "mpya kabisa", kumbe ndani ina programu ya zamani ya kupokelea kazi. Kila akipakia anapata ujumbe wa "not in sync". Aliirudisha dukani, wakamcheka. Dawa ilikuwa kubadilisha kasi ya kupakia tu, kutoka 115200 kwenda 57600. Ikikutokea, jaribu hilo kabla hujagombana na mtu.

Kwenye Linux weka vifurushi vitatu vya kugeuza na kupakia programu: gcc-avr, binutils-avr na avrdude. Halafu pakua datashiti, kitabu cha maelezo ya chipu. Ina kurasa zaidi ya 600, usizisome. Nenda steshenari ukachapishe sehemu mbili tu za mwishoni: jedwali la rejista zote na jedwali la amri zote. Utaikuta na jina la Atmel au la Microchip, usishangae. Kampuni ya Microchip iliinunua Atmel mwaka 2016, chipu ni ileile. Karatasi hizo zangu zimeshalowa kahawa mara mbili na bado nazitumia.

Sasa watu. Sisi tuko wanne. Kuna huyo kijana wa makava. Kuna dada anayesoma chuo, ambaye hesabu zake ni safi lakini hajawahi kushika waya. Kuna mimi, ninayejua waya na sijui hesabu. Na kuna Mwalimu, mzee mstaafu, alifundisha hisabati miaka mingi, hana kompyuta na hataki, lakini hajafungwa bao pale kijiweni tangu nimfahamu. Tulimkuta tu. Tulikuwa tunabishana juu ya karatasi pembeni ya baraza, akauliza, "Hivyo vishimo vyenu viko vingapi?" Nikamjibu, "Thelathini na mbili, Mwalimu." Akatazama bao, akatutazama sisi. Tangu siku hiyo kila Jumapili saa tisa alasiri tunakutana pale, kabla wazee wenzake hawajafika, kahawa na kashata juu yetu.

Tafuta mchanganyiko kama huo. Usikusanye watu wanne wanaojua kitu kilekile, mtakubaliana haraka na wote mtakuwa mmekosea.

Namna ya kulitumia bao ni hii. Mashimo 16 ya upande wa pili yape majina r0 hadi r15, na 16 ya upande wako r16 hadi r31. Andika kwa chaki pembeni. (Wazee walilalamika kwamba tunachafua bao, tukaanza kutembea na kitambaa.) Mtu mmoja ni Kidole: anashika karatasi ya programu na kuweka kidole kwenye mstari unaofanyika sasa. Wa pili ni Mkono: anahamisha kete kama amri inavyosema, hana ruhusa ya kufikiri. Wa tatu ni Bendera: ana kizibo cha soda, anakilaza chali kama jibu la mwisho limetoka sifuri, kifudifudi kama halikutoka sifuri. Mwenye programu anakaa kimya. Hilo la kukaa kimya ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu utamwona Mkono anafanya ulichoandika badala ya ulichokusudia.

Mara ya kwanza tulijaribu kitanzi cha mistari miwili tu:

zunguka:
    dec r16
    brne zunguka

dec maana yake punguza moja. brne maana yake rudi kwenye lebo, hapa ni zunguka, kama jibu halikuwa sifuri. Tukaweka kete tatu kwenye r16. Kidole akasoma, Mkono akatoa moja, Bendera akaweka kizibo kifudifudi, Kidole akarudi juu. Mbili. Moja. Sifuri, kizibo chali, Kidole akapita. Watoto wadogo wangeweza. Halafu Mwalimu, aliyekuwa Kidole, akasema turudie, na safari hii shimo lianze tupu.

"Toa moja," akamwambia yule kijana.

"Hakuna kitu, Mwalimu."

"Sikukuuliza kama kuna kitu. Amri inasema toa moja."

Kijana akatutazama. Dada wa chuo akaanza kucheka, akachana kipande cha karatasi, akaandika 255, akakitumbukiza kwenye shimo. Ndivyo chipu inavyofanya: rejista ya biti nane (biti ni nafasi ya 0 au 1) ikiwa sifuri, ukitoa moja inazunguka hadi mwisho wa upande wa pili. Kwa hiyo kitanzi kikianza na tatu kinazunguka mara tatu, kikianza na sifuri kinazunguka mara 256. Nilikuwa nimeusoma ukweli huo zaidi ya mara moja. Ulinikaa kichwani siku nilipoona sura ya yule kijana akitafuta kete kwenye shimo tupu.

Kuna sheria moja ya AVR, ukoo wa chipu yetu, itakayokuudhi mapema. Amri ya ldi, ya kuweka namba moja kwa moja kwenye rejista, inakubali r16 hadi r31 tu. Upande wako wa bao tu. Ukiandika ldi r5, 10 asembla, programu inayogeuza asembli kuwa namba, inakataa. Usiikariri kama adhabu, ihesabu. Kila amri hii ina nafasi ya biti 16. Biti nne ni jina la amri, biti nane ni namba unayoiweka, zinabaki nne za kutaja shimo. Biti nne zinataja mashimo 16, hata moja zaidi haliingii. Waliounda chipu walibanwa na nafasi kama konda anavyobanwa na viti, wakaamua abiria wa upande mmoja washuke. Ukitaka namba ifike r5, iweke kwanza r16, kisha ihamishe kwa mov.

Shika tabia hiyo: asembla ikikukatalia kitu, uliza biti zilikuwa ngapi. Mara nyingi jibu liko hapo.

Programu ya kwanza iwe ya kuwasha na kuzima ile taa ndogo ya LED iliyoko kwenye bodi ya Uno, pini 13. Ndani ya chipu pini hiyo ni biti ya 5 ya bandari B, yaani kundi mojawapo la pini. Iandike hivi kwenye faili la taa.s:

    sbi 0x04, 5
washa:
    sbi 0x05, 5
    rcall subiri
    cbi 0x05, 5
    rcall subiri
    rjmp washa

subiri:
    ldi r18, 41
    clr r16
    clr r17
zunguka:
    dec r16
    brne zunguka
    dec r17
    brne zunguka
    dec r18
    brne zunguka
    ret

Namba zenye 0x mbele zimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. sbi inasimamisha biti moja, cbi inailaza. Mstari wa kwanza unaiambia chipu kwamba pini hiyo ni ya kutoa umeme, si ya kupokea. rcall inakwenda kufanya kazi ya pembeni, ret inarudi ilipotoka, rjmp inaruka kwenye lebo, clr inaifanya rejista kuwa sifuri. Sehemu ya subiri haifanyi chochote cha maana, inapoteza muda kwa makusudi, maana bila hiyo taa ingewaka na kuzima haraka kiasi kwamba jicho lingeona imewaka tu, tena kwa mwanga hafifu.

Igeuze na kuipakia kwa amri hizi tatu:

avr-gcc -mmcu=atmega328p -nostdlib -o taa.elf taa.s
avr-objcopy -O ihex taa.elf taa.hex
avrdude -c arduino -p m328p -P /dev/ttyUSB0 -b 115200 -U flash:w:taa.hex

Hesabu mistari ya amri: 16. Kila moja ni baiti mbili. Programu yako nzima ni baiti 32, wakati ile ya kawaida ya Arduino ya kuwasha taa hiyohiyo inakula mamia ya baiti. Tulipoliona hilo kijana wa makava alisimama akapiga makofi peke yake barazani. Muuza kahawa akadhani kuna mtu kafungwa bao.

Sasa nikueleze kosa langu, kwa sababu utalifanya.

Hiyo programu hapo juu ni toleo la pili. La kwanza niliandika usiku nyumbani, peke yangu, kwa kiburi. Badala ya sbi nilitumia njia hii:

    ldi r16, 0x20
    out 0x25, r16

out inapeleka namba iliyo kwenye rejista hadi bandarini. 0x20 ni 32 kwa namba za kawaida, yaani biti ya 5 peke yake imesimama. Hilo lilikuwa sawa. Asembla ikapokea bila kelele, avrdude ikapakia, ikahakiki, ikaaga vizuri. Taa giza. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha tundu la USB. Umeme ukakatika, nikalala. Kesho yake jioni vilevile, keshokutwa vilevile. Nilipima pini kwa mita nikapata sifuri, nikajiridhisha kwamba bodi ni mbovu na kwamba aliyeniuzia amenipiga.

Jumapili nikafika kijiweni na bodi mfukoni, tayari kulaumu. Dada wa chuo akaniambia, "Kaka fundi, hata mimi yangu imenikatalia." Yeye aliandika sbi 0x25, 5 na asembla ikamgomea, ikamwambia namba imezidi kipimo. Yake imekataliwa, yangu imepokelewa, namba ni moja. Tukatandaza karatasi ya jedwali la rejista. Kwenye mstari wa PORTB, yaani bandari B, pameandikwa 0x05, na pembeni yake, ndani ya mabano, 0x25. Wote wawili tulichukua ya kwenye mabano kwa sababu ilionekana kamili zaidi.

Mwalimu akauliza tofauti yake ni ngapi. Tukamwambia, 0x20, thelathini na mbili.

"Hizo thelathini na mbili ni zipi?"

Kimya. Kisha akagonga bao kwa kucha.

Ndizo rejista. Kumbukumbu ya chipu ikihesabiwa yote kwa pamoja, nafasi 32 za mwanzo zimekaliwa na rejista, ndipo bandari na vifaa vingine vinafuata. Ukihesabu tangu mwanzo kabisa, PORTB ni 0x25. Ukihesabu kuanzia mlango wa vifaa, ni 0x05. Sisi Waswahili hatupaswi kushangaa: mshale wa saa uko kwenye nane, tunasema saa mbili. Hakuna aliyekosea, ni hesabu mbili za asubuhi moja, zinapishana kwa sita. Anayeharibu ni yule anayechukua namba ya hesabu moja akaipeleka kwenye hesabu nyingine, kama mgeni aliyeambiwa harusi saa mbili akafika baada ya chakula cha mchana.

Amri za in, out, sbi na cbi zinatumia hesabu ya mlango wa vifaa. lds na sts, za kusoma na kuandika kwenye kumbukumbu, zinatumia hesabu ya tangu mwanzo. Na kwa nini yeye alikataliwa mimi nikapokelewa? Rudi kwenye biti. sbi ina biti tano za anwani, mwisho wake 31, na 0x25 ni 37, haiingii. out ina biti sita, inafika hadi 63, kwa hiyo 37 inaingia vizuri tu. Sema inaingia kwenye chumba kisicho changu: hapo ni rejista ya kuongoza taima namba 0. Kwa usiku tatu nilikuwa nabisha hodi kwa jirani na kulalamika kwamba nyumbani kwangu hawafungui. Nikabadilisha 0x25 kuwa 0x05 palepale barazani, laptopu ikiwa na asilimia tisa ya chaji, na nilipokumbuka pia kuweka ule mstari wa sbi 0x04, 5, taa ikawaka.

Muuza bodi sikuwahi kumwomba radhi, lakini pia sikuwahi kumfuata.

Kwenye kuomba msaada tuna desturi zetu, na zimetuokoa muda. Programu inaletwa imeandikwa kwa mkono, isiyozidi mistari ishirini. Kama yako ni mirefu, ikate mpaka kosa libaki peke yake. Nusu ya makosa hufa wakati wa kukata. Juu ya karatasi andika mambo mawili: nilitegemea nini, nimeona nini. "Haifanyi kazi" si jibu, hata mgonjwa hospitalini husema panapouma. Picha ya skrini iliyopigwa usiku kwa simu hatuipokei. Na hakuna anayegusa kibodi ya mwenzake. Ukimshikia mtu kibodi umemtatulia tatizo moja na kumwachia mengine yote. Uliza tu, "Baada ya mstari huu r16 ina ngapi?" Asipojua, mrudishe kwenye bao.

Kuna kosa lingine nitaligusa tu, maana litakuja ukianza kutumia push (sukuma) na pop (toa). Kila ulichokisukuma kwenye staki, rundo la kuhifadhia kwa muda, lazima ukitoe kabla ya ret. Fikiria sahani za mama lishe: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. rcall inaweka juu ya rundo sahani yenye anwani ya kurudi. Wewe ukaweka yako juu yake ukasahau kuiondoa, ret inachukua yako, inaisoma kama anwani, na programu inaruka kusikojulikana. Ikianza kufanya vituko visivyo na mpangilio, hesabu push zako na pop zako kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhesabu muda ndiko kunakonoga kuliko yote. dec inachukua pigo moja la saa ya chipu. brne inachukua mawili ikirudi, moja ikipita. Kwa hiyo kitanzi cha ndani kabisa, mara 256, ni mapigo 767: 256 mara tatu, toa moja kwa ile mara ya mwisho isiyorudi. Kitanzi cha pili kinakirudia hicho mara 256, ukiongeza dec na brne zake. Mwalimu alitembea na hesabu hiyo kwenye pakiti ya majani ya chai akatuletea: kila moja ya r18 ni mapigo 197,122, na mwisho wa yote toa moja. Mara 41 ni 8,082,001. Chipu inapiga mara milioni 16 kwa sekunde, kwa hiyo taa inakaa nusu sekunde na nukta ndogo. Alitaka kuhakikisha. Tukahesabu miwako kwa saa yake ya mkononi kwa dakika nzima, midomo ikisogea kama wanafunzi wa madrasa, tukapata 59. Akauliza ule mmoja umekwenda wapi, kisha akajijibu mwenyewe: 41 inazidi kidogo nusu sekunde.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa kalamu: r18 iwe ngapi ili taa ikae sehemu ya tano ya sekunde? Ukishapata, ibadilishe, ipakie, hesabu miwako ya dakika moja na umpe mwenzako akague karatasi yako. Sisi tunakuwa hapa Jumapili saa tisa. Jibu lako likiwa linakaribia 16 njoo na kashata zako, na kama ni kitu kingine njoo na kete.